Malalamiko ya Fundi Saa

Kuna mteja mmoja alikuwa ananitoa roho. Alijiita Fundi Saa, na kila Jumatatu nikifungua kompyuta nilimkuta ameshanitangulia.

"Mlango wa saba," aliandika safari moja. "Nimelipa, nimeingia. Nimevuka daraja, nimepigana na nyoka wawili, nimepanda mnara mpaka juu. Huko juu nikapewa sentensi nne. Nyoka sikuwaomba, niliomba hadithi. Hii ni haki?"

Haikuwa haki, na sentensi hizo nne niliziandika mimi. Ndiyo kazi inayonilisha: kutunga hadithi za mchezo wa mtandaoni. Mchezaji anakuwa binti anayemtafuta mama yake, aliyepotea ndani ya jumba lenye milango mingi. Kila mlango hufunguliwa kwa pesa, na nyuma yake unapata kipande cha mama: barua yake, kiatu chake, sauti yake akigomba. Nilipoajiriwa, milango ilikuwa mitano na mama alipatikana kwenye wa tano. Bosi akausoma mwisho ule, akasema ni mzuri sana, kwa hiyo tuuahirishe. Sasa tulikuwa na milango kumi na mmoja na mama bado hajulikani aliko.

Kampuni yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, na ndani yake tuko watatu: Bosi, mchoraji na mimi. Malalamiko ya wateja nilibandikwa mimi, eti kwa sababu ndimi mwenye maneno.

"Bosi, watu wanalalamika," nilimwambia. "Wanalipa pesa nzima, wanapata nusu ukurasa."

"Dada yangu, mama akipatikana, nani atalipa tena?"

"Watachoka."

"Wakichoka tuwaongezee nyoka," alisema, wala hakucheka.

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimefura. Unamvuta mtu mkono, unamwambia njoo nikusimulie, kila akikaribia unamdai kiingilio. Halafu akinung'unika, mimi ndiye wa kumwandikia kwamba tunathamini sana maoni yake.

Jumatatu iliyofuata, barua ilikuwa ndefu.

"Mlango wa kumi na moja. Mama anasikika nyuma ya ukuta. Amekasirika, anahesabu hadi kumi ili atulie. Mmekosea. Huyu huhesabu hadi saba, kisha husema, 'Haya, nimemaliza kukasirika, leteni kiti.' Rekebisheni. Na mniambie wazi, nifungue milango mingapi ndipo apatikane? Nataka kujua atasema nini siku hiyo. Ninalipia hilo tu, mengine yote chukueni."

Niliisoma mara tatu. Maneno yale ya kiti sikuwahi kuyaandika popote. Mama wa kwenye mchezo nilimchonga kutoka kwa mama yangu, lakini saba yake niliigeuza kuwa kumi kwa makusudi, kwa sababu saba niliiona ni ya kwetu. Walioijua walikuwa watu watatu, na mmoja wao tulimzika miaka minne iliyopita.

Sikusubiri saa ya kutoka. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilimkuta baba sebuleni, miwani imepanda kwenye paji la uso, simu ameishika kwa ncha za vidole kama anavyoshika saa iliyofunguliwa.

"Baba, Fundi Saa ni wewe?"

"Kwani hapa kuna fundi saa mwingine?"

"Umenunua milango yote kumi na mmoja?"

"Na wale nyoka. Nao mnawatoza, hujui?"

"Pesa yako ya uzeeni, baba. Unampelekea yule bosi wangu." Sauti ilinipanda na sikuizuia. "Na unajua fika anayeandika ni mimi. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja. Si ungeniuliza tu? Ningekusimulia bure."

Alishusha miwani, akaniangalia vizuri.

"Nilikuuliza, mwanangu. Mwaka ule wa kwanza nilikuuliza mpaka nikaona aibu. Nikimtaja tu mama yako, unasema umechoka, unaingia chumbani unafunga mlango. Kule nikilipa, unaongea."

Nilitaka kujitetea, na neno la kwanza kunijia mdomoni lilikuwa lile lile, nimechoka. Nikalimeza. Nikakaa kwenye mkono wa kochi lake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Asubuhi ile ya mwisho hospitalini tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba alikuwa kwenye duka lake la saa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alipofika, shuka lilikuwa limeshavutwa juu. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sikumpigia simu mapema, na kwa miaka minne nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo, nikijiambia labda hakulifikiria.

"Unataka kujua alisema nini," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Simu ilikuwa imezimika mkononi mwake.

"Nilikuwa nimeshatafuta namba yako. Akanishika mkono. Akasema, 'Usimpigie sasa hivi, ana saa ya mteja mezani. Ukimkatiza atapoteza skrubu, halafu atashinda kutwa nzima anatambaa chini anaitafuta. Acha amalize kwanza.' Alikuwa anacheka, baba. Nilidhani tuna muda. Nikamtii."