Benchi la Joshua

Kipindupindu kilipoingia kijijini Ziwani mwaka ule wa tisini na nane, Raheli alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia duniani: benchi la mninga. Marehemu mumewe, Mwalimu Joshua, alilichonga kwa mkono wake ili alitoe sadaka kanisani, ambako waumini walikalia matuta ya udongo. Akafa kabla halijabarikiwa, na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa siku ya kulibariki. Lilikuwa pana ajabu. Joshua naye alikuwa na vituko, jamani! Kila akimaliza kupiga randa alijilaza juu yake. "Benchi lisilolalika halikaliki," alisema.

Alhamisi asubuhi jirani yake Saida alikuja mbio.

"Shoga, Nuru wangu kalazwa sakafuni zahanati. Vitanda vimekwisha. Muuguzi anataka ubao mpana, utobolewe tundu, ndoo ikae chini."

Raheli alielewa upesi, na moyo ukamuuma. Benchi la Joshua litobolewe!

Stefano, mzee wa kanisa, aliwakuta wakilitoa. "Hilo ni la Bwana, mama. Na huyo mtoto si hata wa kwetu."

"Bwana haharishi, Mzee Stefano. Anayeharisha ni Nuru."

Alisema kwa ukali, huku akilipapasa benchi. Hakuwa na kingine chenye jasho la mumewe. Akachukua patasi na nyundo za Joshua, akalitoboa mwenyewe, huku akilia kwa sauti bila kuona haya.

Ijumaa mchana Nuru akafariki.

Stefano hakuchelewa. "Benchi limekwenda, na mtoto kaenda. Umepata nini?"

Raheli alimkasirikia Stefano, akamkasirikia Joshua kwa kufa kwake, akamkasirikia na Mungu, wala hakuficha. Akashika njia ya zahanati kulifuata benchi lake, hata kama lina tundu.

Saida alikuwa ameketi nje, macho yamemvimba. Akamshika mkono. "Mwanangu hakufia chini, Raheli. Alilala juu, kama mtoto wa watu."

Ndani, muuguzi alikuwa akiliosha benchi kwa dawa, na ile rangi nzuri ya mninga ilikwisha kupauka. "Umelifuata, mama?"

Mlangoni watu walikuwa wanaingia na bibi kizee, wamembeba kwa kanga. Raheli hakumjua. Alilitazama tundu, akamtazama yule bibi.

"Nimekuja kukusaidia kuosha," akasema, akakunja mikono ya gauni.