Neno Ambalo Henriette Hakulisema

Mwaka 1999 Gadiel, Mpare wa Same, alikuwa mwanafunzi wa isimu Durban, Afrika Kusini, amepanga chumba mtaa wa Umbilo. Tasnifu yake ilihusu Kitibeti na lugha jirani zake, ambazo humdai msemaji aonyeshe alivyolijua jambo. Ukisema mtu kaondoka, mwishoni mwa kitenzi unaweka “song” kama ulimwona akiondoka, “shag” kama umekuta tu kitanda kitupu. Habari ya kusikia nayo ina neno lake. Hakuwahi kukutana na Mtibeti hata mmoja. Yote aliyasoma vitabuni, na aliyapenda mno.

Kila Jumanne alitafsiri bure kwenye ofisi ya maombi ya wakimbizi. Huko alimtafsiria Henriette, msusi wa saluni moja Greyville, aliyekimbia Uvira, Kongo, na wanawe wawili. Wakiwa bado kwenye foleni alimsimulia masomo yake, na mama huyo akacheka kidogo.

Ndani aliulizwa mumewe, Zénon, alipatwa na nini. Akajibu kwamba askari walimkamata kwenye kizuizi cha barabarani, wakamvua viatu, wakamuua karibu na daraja. Alieleza polepole, hatua kwa hatua, hata Gadiel akawa kama anayaona. Ofisa alipouliza kama mama alikuwepo, Gadiel hakumfikishia swali. Alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza, kwamba mama aliona. Henriette akatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

Miezi minne baadaye aliitwa tena, mkalimani akiwa mwingine. Aliulizwa alisimama wapi mumewe alipouawa. Akasema alikuwa nyumbani, homa imemlaza. Habari aliletewa na jirani yao, Pierre-Claver, na kesho yake alikuta shati la Zénon kwenye nyasi. Barua ikaja: ni mwongo, aondoke nchini ndani ya siku kumi na nne. Alimpelekea Gadiel amsomee. Gadiel alianza akiwa amesimama, akamaliza ameketi.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini kukiri. Ofisa, mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho. Gadiel alieleza kwamba kwa Kiswahili neno “walimuua” hulisema aliyeona na aliyeambiwa vilevile. Ofisa akajibu kwamba analielewa hilo, ila sahihi ni ya mama, na mkalimani anayekiri kubuni neno ataaminiwa vipi anapotaka kulifuta? Faili lilikuwa limefungwa.

Akaenda saluni. Henriette hakuacha kusuka.

“Kaka Gadiel, mimi nilisema walimuua. Sikusema niliona.”

“Najua, dada.”

“Na ile siku hukujua?”

Akasema alidhani tu.

“Unasoma luga ya watu iko mbali kule, unajua namna wanasema kama waliona. Mimi nilikuwa mbele yako. Hukuniuliza.”

Mteja kwenye kiti alimtazama Gadiel kupitia kioo, kisha akainamisha macho.

Kabla siku hizo kumi na nne hazijaisha Henriette aliondoka na watoto. Huguette, mwenzake wa saluni, alisema walipanda basi, hakusema la wapi. Gadiel aliulizia miezi mingi, Clairwood kwa madereva wa malori, makanisani kwa Wakongo. Hakupata lolote.

Tasnifu ilipita kwa sifa. Ukalimani aliuacha. Mwaka uliofuata ofisi ilimpigia simu mara mbili ikitafuta mtu wa Kiswahili. Hakupokea, na waliokuwa kwenye foleni siku hizo walirudishwa bila kusikilizwa.