Nimeushika Mtandao Dirishani

...na mkono unakufa ganzi, lakini nani alinituma, si mimi niliyejitapa mbele ya Mwalimu Deodatha kwamba humu maktaba mtandao unakaa dirisha la pili, juu kabisa, na wa kuufikia ni mimi peke yangu, simu ninayo, na sasa nimesimama kama nguzo, simu yangu inailisha kompyuta ya shule mtandao, na kwenye kioo kiduara kinazunguka, kinazunguka... "Baba, usishushe," anasema Benitha, hageuki hata kunitazama, mwanangu ananiamini hivyo, loo, ndiye aliyeandika kwenye insha ya historia ya kata kwamba migomba hii isiyonyauka baba yake aliileta Nyabiyonza kwa baiskeli kutoka Bukoba, chui akampisha njiani, na chui nilimwongeza juzi tu kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu walicheka vizuri... Adela, mwanafunzi mwenzake, akasimama darasani, akasema si kweli, aliyeileta ni bibi yake Sperancia, aliibeba kichwani, na Benitha akamwita mwongo, darasa zima likamzomea mtoto wa watu mpaka akalia, ndipo mwalimu akasema hatubishani, watu wa mradi uliogawa miche waliweka picha zao mtandaoni, tutazame... hiyo picha naijua, Sperancia na miche yake mitano, nyuma yake kijana aliyeacha shule darasa la tano anacheka, ndiye mimi, nilimwambia yule mama, hizo ndizi za maofisa utakula peke yako, na wiki ileile nikamng'olea miwili kwa mzaha, akairudishia udongo bila kunigombeza, na ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza migomba ya kibanja changu nilikwenda kwake kuomba mbegu, akanipa, akanifungia na kamba ya mgomba nisiangushe njiani... "Baba Benitha, juu kidogo, imekwama," mwalimu huyo, imekwama kwa sababu nimeishusha, kiasi cha kiganja, hakuna aliyeona, kengele italia, watasema mtandao mbovu, nami nitabaki na chui wangu... ila Adela, mwisho wa benchi, haangalii kioo, anaangalia mkono wangu, ameona, na asubuhi getini alinipigia magoti, shikamoo baba, kama bibi yake alivyomlea... "Baba?" Nasimama kwa vidole vya miguu, mkono juu, bega linalia, juu zaidi, kiduara bado kinazunguka, funguka basi, funguka kabla sijachoka.