Kipindi Kilichokwenda Qurum

Habari ililetwa kantini na Yaqdhan, siku ya Jumanne, wakati mpishi Eufrasia anapakua wali wa mchana. Yaqdhan alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kiongozi wa washabiki wa timu ya chuo, kijana wa sauti kubwa ambaye kila akiingia alipiga ngoma kwenye meza ya kwanza aliyoikuta. Siku hiyo hakupiga kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni, walipozoea kukaa wale wanaozungumza Kiswahili, watoto wa wazee waliorudi kutoka Unguja, akavuta kiti, akasema kipindi hakiji.

Hakuna aliyeuliza kipindi gani. Mwaka ule wa 2004 vyuo vyote vya Muscat vilikuwa na wazimu wa kipindi kimoja cha televisheni, Kabla ya Kipenga. Kila Alhamisi saa tisa u nusu, nusu saa kabla ya mechi ya vyuo, mtangazaji na kamera zake walitua kwenye chuo kimoja. Waliwahoji washabiki, wakazungukazunguka madarasani, na mwisho wakaingia kantini kuonja chakula na kutaniana na mpishi. Chuo kilichotembelewa kilitamba mwaka mzima. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu kifunguliwe, chuo chao kilikuwa kimefika nusu fainali, tena kinachezea nyumbani, tena kinaongoza kwa pointi. Kila mtu alishahesabu kwamba kamera zitakuja kwao. Kumbe zimekwenda kwenye nusu fainali ya pili, Qurum.

Mjadala ulianza hapo na haukwisha mpaka wali ukapoa. Yaqdhan alisema sababu ni njia. Chuo kiko nyuma ya milima, kwenye barabara ya Qurayyat, na lile lori lenye dishi la kurushia matangazo haliwezi kupanda mwinuko. Rafiki yake Aflah, mwembamba, mwenye ulimi wa pilipili, alimcheka. Njia hiyo hiyo kila alfajiri hupita malori ya samaki yaliyojaa barafu mpaka juu. Lori la samaki lipande, lori la kamera lishindwe? Kwa Aflah jambo lilikuwa wazi: Qurum kuna bahari, kuna mahoteli, kuna watoto wa wakubwa, na mtangazaji hataki viatu vyake viingie vumbi. Mwengine akasema wasusie televisheni nzima. Mwengine akasema waandike wizarani. Kisha, kama kawaida ya watu waliokosa wa kumlaumu, wakamgeukia Kheiria, mwanafunzi mwenzao.

Kheiria ndiye aliyeandika barua za kukialika kipindi, nne kwa jumla, kwa Kiarabu kizuri kuliko cha mwalimu wake. Aflah alisema labda alizipamba mno, wakadhani ni maombi ya harusi. Watu wakacheka kidogo. Kheiria hakucheka.

"Skizeni," alisema. "Hawakutuchukia, wala hawakuogopa mlima. Hawatujui tu. Nnakwambieni, mtu akikuchukia angalau umo moyoni mwake. Hawa sisi hatumo popote."

Nyuma ya kaunta, Eufrasia alikuwa amesimama na upawa mkononi, mchuzi ukidondoka sakafuni. Mwanafunzi aliyekuwa mbele yake alimwita mara mbili kabla hajasikia.

Eufrasia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtu wa Muleba, upande wa Bukoba. Alikuja Muscat kufanya kazi za ndani, akahamia kantini ya chuo pale kafili wake wa kwanza, yule tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alipohama nchi. Mwaka wa saba huo. Alimwacha binti yake, Paulina, akiwa na miaka mitatu, analala mgongoni kwa bibi yake. Likizo ya kwanza aliuguliwa na tajiri, hakuachiwa kwenda. Ya pili ikaangukia kwenye kubadili mkataba. Baada ya hapo ilikuwa mwakani, na mwakani ikazaa mwakani nyingine. Paulina sasa alikuwa na miaka kumi, sauti kwenye simu inayosema shikamoo mama, kisha inanyamaza kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya mwalimu mkuu.

Ndipo kikaja kipindi. Pale Muleba palikuwa na mwenye duka aitwaye Majid, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo, na nyuma ya duka lake alikuwa na dishi kubwa mfano wa ungo wa kukaushia kahawa, linalokamata stesheni za Uarabuni. Simu ya dukani kwake ndiyo Eufrasia aliyokuwa akiipigia. Timu ilipoingia nusu fainali, Eufrasia alimwambia Paulina aombe ruhusa shuleni Alhamisi, aende kwa Majid saa nane na nusu za huko, akae mbele ya televisheni. Watapita kwanza vijana na ngoma, alimweleza, halafu utaona jiko, na jikoni nitakuwepo mimi. Siku hiyo mtoto hakunyamaza. Aliuliza maswali mpaka kadi ya simu ikaisha.

Tangu hapo Eufrasia akawa mshabiki kuliko washabiki. Alijua majina ya wachezaji wote na nani anatumia mguu wa kushoto. Alishona vazi jipya la jikoni, akalipiga pasi, akalitundika. Wanafunzi walidhani ni mapenzi ya mpira, nao wakampenda kwa hilo.

Jumatano alipiga simu Muleba mara tano awaambie wasiende. Laini ilikuwa imekufa. Huko mvua ikinyesha nguzo huanguka, na mvua ilikuwa ya msimu.

Alhamisi walitazama kipindi pale pale kantini, kwenye televisheni ya ukutani, ili wapate kukitukana vizuri. Mtangazaji alikuwa amesimama kwenye nyasi za Qurum, za kijani kama zulia jipya. Aflah alihesabu mara ngapi alitaja chuo chao: mara moja, na jina akalikosea. Yaqdhan alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Kheiria alikaa upande wa wasichana, mikono amefumbata.

Kisha kamera ikaingia kwenye kantini ya Qurum. Nyuma ya kaunta palikuwa na mwanamke mweusi, mnene, mcheshi. Eufrasia hakumjua, wala hakujua ni mtu wa wapi. Mtangazaji alipoonja wali, yule mama alicheka kicheko cha kutoka tumboni, akazunguka mara moja na mwiko juu, akaipungia kamera mkono. Kantini nzima ya huko ikapiga makofi. Huku, mtu alisema hata mpishi wao anajua kujionesha. Eufrasia alifuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Saa kumi wote walikwenda uwanjani. Yeye alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na lango. Safari hii laini iliita. Majid alipokea, akasema mtoto yupo, anaruka ruka dukani kama mbuzi.

Eufrasia alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi. Hakupata kuyasema.

"Mama, nimekuona!" Paulina alisema. "Nilikujua kabla hujageuka. Wenzangu wote wamekuona. Nikawaambia ndiye yule, ndiye mama yangu."

Eufrasia alishika ukuta wa kibanda. Kutoka uwanjani ulikuja mngurumo, timu yake imefunga, naye hakujua kama ni mngurumo wa nje au wa kichwani.

Mtoto aliendelea. Alisema mama amenenepa, amependeza, bibi alidanganya aliposema mama yake ni mwembamba na si mtu wa kucheka. Alisema alipopungiwa mkono na yeye alipunga, mpaka akagonga kioo. Halafu, kwa aibu kidogo, akamwomba acheke tena, kama vile alivyocheka na mwiko, ili Majid naye asikie.

Ukweli ulikuwa mfupi, maneno mawili tu, si mimi. Eufrasia aliyafikisha mpaka kwenye meno. Kisha akamwona mtoto katikati ya wenzake wa shule, kwenye duka lililojaa watu, akivuliwa mama mbele yao. Akacheka. Kilitoka kicheko kikavu, cha kukohoa, lakini simu ni mbali, na mtoto alitaka kuridhika, akaridhika.

Bibi alipewa simu. Alingoja mjukuu wake atoke, ndipo akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi nilijua si wewe, mwanangu. Wewe nilikuzaa, siwezi kukukosea. Lakini ningemwambiaje? Alikuwa anaibusu ile televisheni."

"Ulifanya vizuri, mama."

"Sijui kama ni vizuri. Najua tu nilinyamaza." Kisha bibi akauliza, "Utakuja lini? Uso wako umemtoka. Mimi nikifa, nani atamwonyesha kwamba huyu ndiye?"

Eufrasia alisema mwakani. Alilisikia neno likitoka, akalichukia.

Timu ilishinda mbili kwa moja. Washabiki walirudi kantini wamebebana, na ghadhabu ya tangu Jumanne ikawa imeyeyuka. Yaqdhan alipanda juu ya kiti. Fainali inachezwa kwa mwenye pointi nyingi, alisema, na mwenye pointi nyingi ni sisi. Sasa wataukwepa wapi mlima? Hata Aflah alikubali kwamba safari hii hawana pa kupitia. Walimtafuta Eufrasia wamwambie, wakamkuta anasugua sufuria kubwa, kichwa amekiingiza ndani. Kheiria alimwinamia, akamwambia, "Dada Eufrasia, wanakuja kwako. Vaa lile vazi lako." Eufrasia aliitikia ndiyo, ndani ya sufuria.

Usiku ule na zilizofuata alilipima jambo hilo kila upande. Akijionesha, na Paulina akawa anatazama, mtoto ataona mwanamke mwembamba asiyemjua amesimama mahali pa mama yake. Au atamjua, na hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu atajua pia kwamba mama alicheka kicheko cha uongo kwenye simu. Alimwambia Majid asimwite mtoto siku ya fainali. Majid alisema habari imeshaenea shule nzima, hata mwalimu anakuja.

Lori la kamera lilipanda mlima Alhamisi ya fainali, wiki mbili baadaye, bila taabu yoyote. Chuo kilikuwa kimepakwa rangi mpaka kwenye mashina ya mitende. Mtangazaji aliposhuka, wanafunzi walimzonga kama bwana harusi. Walimwambia yote waliyokusudia kumwambia, kasoro matusi.

Kantini ilipokuwa inawekwa taa, mpishi hakuonekana. Kheiria alimtafuta jikoni, akamtafuta uani, mwisho akausukuma mlango wa stoo. Eufrasia alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, na nguo zake za kila siku. Kheiria alidhani anaumwa, akataka kwenda kuita mtu. Eufrasia akamshika mkono, akamwambia yote kwa maneno machache, Muleba, na yule mama wa Qurum, na kicheko.

Kheiria alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwenye jibu kwa kila mtu. Alikaa kwenye gunia la pili. Nje walikuwa wanaliita jina lake, maana ndiye aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wasichana.

"Mwambie kweli," alisema mwisho. "Ni mtoto wako. Atakusamehe."

"Ananijua kwa siku kumi na tano tu, Kheiria. Maisha yake yote ana siku hizo kumi na tano za kumjua mama yake. Nimnyang'anye?"

Waliita tena, kwa nguvu zaidi. Eufrasia alimwambia nenda, wataanza bila wewe. Kheiria akakawia kidogo, akaubusu mkono wa Eufrasia kama anavyoubusu wa bibi yake, akatoka, na mlango akauacha wazi kidogo. Eufrasia aliinuka akaufunga.

Alisikia kila kitu. Alimsikia mtangazaji akiuliza aliko mpishi, na Yaqdhan akijibu kwamba anaumwa, Mungu amponye. Alisikia makofi, na sauti ya Kheiria ikisema mbele ya nchi nzima maneno mazuri aliyoyatunga tangu barua ya kwanza. Ilitetemeka mahali pamoja tu. Baadaye taa zikazimwa, watu wakahamia uwanjani, na Eufrasia akatoka kuosha vyombo. Fainali walifungwa. Wanafunzi walipita dirishani kimya, mmoja mmoja, wengine wanalia. Aliwachotea maji ya kunywa, wakanywa.

Jumapili alipopiga simu, Paulina aliuliza kwa nini safari hii hakuwepo. Aliuliza kwa adabu, lakini kwa sauti ile ya zamani, ya kusimamishwa mbele ya mwalimu mkuu. Wenzake walikuwa wamengoja, alisema, na mwalimu pia.

Eufrasia alimwambia amehamishwa. Hapiki tena kwenye chuo hicho.

"Umehamia wapi?"

"Mbali kidogo," alisema. "Huko kamera haziendi."