Mashine ya Vioo Vitatu

Ritha alikuwa na duka la steshenari pale Shelui, upande wa barabara kuu yanakoegeshwa malori. Asubuhi alitoa fotokopi za vyeti, mchana alichaji simu za madereva na utingo wao, na jioni alifunga duka akiwa na habari za Kahama, Kigali na bandarini Dar es Salaam, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Dodoma.

Madereva hao ndio waliompa wazo. Gari likisubiri spea, au tajiri akichelewa kutuma hela ya mafuta, hawakuwa na la kufanya ila kunywa chai na kubishana nani anajua gari kuliko mwenzake. Ubishi wao haukuwa na mwisho kwa sababu haukuwa na uwanja. Ritha akaona kwamba uwanja unaweza kutengenezwa. Alipokuwa chuo cha ufundi Singida mjini aliwahi kuona gemu la kuendesha malori kwenye kompyuta: mtu anashika usukani, anavuta tela, anapanda milima, anapita mizani, anapaki. Akaazimia kuweka mashine ya namna hiyo dukani kwake, watu waingie kwa zamu na kulipia.

Fedha alikuwa nayo. Ilitokana na alizeti waliyolima yeye na mama yake, Scholastika, na mama alikuwa ameiweka yote mikononi mwa binti yake bila maswali mengi. Lakini haikuwa fedha ya kuchezea. Ilitosha kununua kitu kimoja cha kujivunia, au vitu kadhaa vya wastani, na ikishateketea hakuna nyingine mpaka mavuno.

Safari ya kwanza aliyokwenda Singida mjini kuangalia vifaa, alikaribia kunasa. Muuzaji aliyeitwa Stanley, kijana mwenye maneno matamu na duka lililojaa kompyuta za mtumba, alimtolea kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotoa picha kwenye skrini, kubwa kama tofali, yenye feni tatu na taa zinazobadilika rangi. Akamwambia hiyo ikikaa kwenye mashine, hakuna gemu litakaloisumbua. Ritha aliishika kadi ile, akaigeuza, akahisi uzito wake. Ukweli ni kwamba aliitamani. Alijiona tayari akiwaonyesha watu, na watu wakishangaa. Hata hivyo alimwomba Stanley amwekee kidogo, akapanda basi kurudi nyumbani, maana hakuzoea kufanya uamuzi mkubwa akiwa amesimama mbele ya muuzaji.

Usiku, wakati wa chakula, aliwaeleza wazazi wake mpango wote. Baba yake, Mzee Lazaro, alikuwa dereva wa malori maisha yake yote ya ujana na utu uzima. Alistaafishwa na ajali. Breki zilimkataa akishuka mlima Sekenke na shehena kamili, akalielekeza gari kwenye ukingo wa mlima badala ya kuliachia liende kuwakuta watu waliokuwa chini. Watu walipona, naye alipona, ila mguu wa kushoto, mguu wa klachi, ulivunjika vibaya na haukurudi tena kuwa mguu wa kazi. Tangu hapo alitembelea fimbo. Habari za magari alizikwepa kabisa. Walipotajwa madereva yeye alinyamaza, na wageni wakiuliza, Scholastika ndiye aliyejibu.

Kwa hiyo Ritha hakutegemea neno lolote kutoka kwake. Alishangaa alipomsikia akiuliza, kwa Kinyiramba, lugha yao ya nyumbani, hiyo mashine itakuwa na vioo vingapi.

Ritha akamjibu kwamba ni kioo kimoja, lakini kikubwa.

Mzee Lazaro akasukuma sahani pembeni. "Basi huyo atakayekaa hapo siyo dereva," alisema. "Huyo ni abiria wa mbele. Tela haiko mbele, mwanangu. Tela iko kwenye vioo vya pembeni. Ukimnyima dereva vioo, umemnyima gari."

Akachukua fimbo yake akatoka nje kupunga upepo. Scholastika aliendelea kukusanya vyombo, kisha akasema polepole kwamba maneno hayo ndiyo mengi zaidi ambayo Mzee Lazaro ameyasema kuhusu gari tangu siku ile ya Sekenke.

Neno la abiria wa mbele halikumtoka Ritha. Siku zilizofuata, kila alipokosa mteja, aliupanga upya ununuzi wake, na safari hii alianzia mwisho kuja mwanzo. Kama ni vioo vitatu, skrini ya mbele na mbili za pembeni, basi kadi inayotakiwa siyo ile yenye nguvu kuliko zote. Ni ile yenye matundu ya kutosha kutoa picha kwenye skrini tatu kwa mpigo. Kadi ile ya tofali ingekula karibu fedha yote na kumwachia skrini moja. Tena ilihitaji umeme mwingi, na hiyo maana yake ni kununua pia kisambaza umeme kikubwa cha ndani ya kompyuta. Zilikuwepo kadi ndogo ambazo hazihitaji hata waya wa umeme wa peke yake, zinakula kile kinachotoka kwenye bodi ya kompyuta na kutosheka. Kadi ya namna hiyo ingekaa vizuri ndani ya kompyuta ya kawaida ya ofisini iliyotumika, na kompyuta za namna hiyo zilikuwa bei nafuu. Gemu lingekosa urembo fulani. Ritha alipima, akaona wateja wake hawaendi pale kuangalia majani ya porini.

Aliporudi kwa Stanley alikuwa ameshajua anachotaka. Stanley alijaribu kumrudisha kwenye kadi ya taa. Alimwambia dada, biashara ya gemu ni muonekano, watu wanataka kuona vitu vinang'aa. Ritha akamwambia kwamba watu wake wanataka kuona tela. Akachagua kompyuta ya ofisini yenye prosesa nzuri, akaongeza ramu na diski ya kisasa ili mashine isiwe nzito, akachagua kadi ndogo yenye matundu matatu. Kisha akapekua rundo la monita zilizokuja kutoka kwenye ofisi moja iliyofungwa, akazichomeka moja moja, akatafuta tatu za aina moja, zenye urefu mmoja na mwanga mmoja. Alijua skrini zisipolingana, barabara itavunjika kila inapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Stanley, aliyeanza kwa kutabasamu, mwishowe alikuwa akimsaidia kupekua.

Palibaki uamuzi mmoja mgumu. Fedha iliyosalia ilitosha usukani mzuri wenye pedali tatu, ikiwemo ya klachi, au usukani wa bei ya chini wenye pedali mbili pamoja na betri ya kuhifadhi umeme. Moyo wake ulikuwa kwenye pedali tatu. Lakini alikumbuka jinsi umeme wa Shelui unavyokatika bila kuaga, na jinsi mashine inayozimwa ghafla kila mara isivyodumu. Akachukua betri na usukani wa pedali mbili. Alipanda basi akiwa na maboksi mpaka magotini, bila senti ya soda.

Aliiunganisha mashine dukani Jumapili baada ya ibada, mlango ukiwa umefungwa ili asije akashauriwa na kila mpita njia. Alifungua, akapachika kadi na ramu, akafunga, akawasha. Skrini mbili zikawaka. Ya tatu ikabaki nyeusi.

Wazo la kwanza lilikuwa baya: kwamba kadi ni mbovu, na fedha ya mama yake imekwenda na maji. Alikaa kwenye kigoda akaiangalia skrini ile nyeusi, kisha akaanza kutafuta kwa utaratibu. Alibadilisha skrini, giza likabaki palepale. Akabadilisha waya, likabaki palepale. Kisha akabadilisha nafasi za adapta mbili ndogo zilizokaa kati ya kadi na nyaya, na giza likahama pamoja na adapta. Ritha akacheka peke yake. Kadi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kidude cha ukubwa wa kidole. Akampigia simu Stanley, naye hakubisha. Kesho yake alimtumia adapta nyingine kupitia kwa kondakta wa basi.

Skrini ya tatu ilipowaka, barabara ilifunguka kutoka ukuta mpaka ukuta. Ritha alitumia muda mwingi kuirekebisha mashine. Vivuli vya miti alivipunguza, majani akayapunguza, maji ya mito akayaacha yawe rangi tu. Lakini barabara, tela na vioo vya pembeni alivihifadhi vikiwa safi, mpaka gari likawa linakwenda bila kukwamakwama. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akaitazama. Kwa nje lilikuwa boksi la kijivu la ofisini, na skrini tatu zilizochubuka kingo. Hakuna taa hata moja ya kupendeza. Akaipenda hivyo hivyo, kwa sababu kila kilichokuwemo alijua kimo kwa nini.

Madereva walikuja, kwanza kwa kejeli, halafu kwa foleni. Mchezo uliowashika haukuwa wa kwenda kasi. Ulikuwa ni kuirudisha tela nyuma, kuiingiza kwenye uwanja mwembamba wa ghala bila kugusa nguzo. Huko ndiko ubishi wote ulikopata hakimu.

Siku moja alikuwepo dereva kijana aitwaye Antipasi, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa amerudia uwanja ule mara nyingi na kila mara tela inajikunja kama kisu cha kukunja. Watu wakawa wanacheka. Mzee Lazaro alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, amekuja kuchajisha simu. Hakuwahi kuingia zaidi ya benchi hilo tangu mashine iwekwe. Akasema, bila kuinua sauti, "Unakata usukani mapema."

Antipasi aligeuka, akamwona mzee mwenye fimbo. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akainuka kwenye kiti na kumwomba aje awaonyeshe. Aliomba kwa heshima, lakini wapo waliodhani ni utani.

Ritha alitaka kuingilia kati. Hakujua amwokoe vipi baba yake bila kumwaibisha. Lakini Mzee Lazaro alikuwa ameshasimama. Alifika kwenye kiti, akainama, akaangalia chini ya meza.

"Klachi iko wapi?" aliuliza.

"Haipo, baba," Ritha alijibu. "Fedha haikufika. Hii ni pedali mbili tu, zote za mguu wa kulia."

Mzee Lazaro aliinuka. Kisha akaweka fimbo ukutani, akaketi, akaukunja mguu wa kushoto taratibu na kuusogeza pembeni, akashika usukani.

Mara ya kwanza aligonga nguzo, kwa sababu usukani ulikuwa mwepesi kuliko alivyozoea. Hakuna aliyecheka. Akalirudisha gari mbele, akaanza upya. Safari hii Ritha hakuangalia skrini. Aliangalia shingo ya baba yake: inageuka kushoto, inarudi, inageuka kulia, inatulia. Alikuwa anatazama kwenye vioo kama mtu anayesikiliza. Mikono ilikata kidogo, ikasubiri, ikarudisha. Tela ikaingia katikati ya nguzo mbili, ikaenda nyuma imenyooka mpaka ikagusa mlango wa ghala, ikasimama.

Duka lilikuwa limejaa. Antipasi ndiye aliyesogea kwanza. Alivua kofia, akampa mzee mkono, akamuuliza aliendesha gari gani na njia ipi. Mzee Lazaro alimtajia njia, akamtajia milima, na alipofika Sekenke hakuiruka. Aliisimulia yote, mwenyewe, kwa mdomo wake, na madereva wakamsikiliza wakiwa wamesimama.

Kisha mmoja akauliza mashine kama ile inauzwa wapi, maana angependa kumwambia tajiri wake.

"Haiuzwi," Mzee Lazaro alisema. "Imeundwa. Kila kipande humu ndani kimechaguliwa na huyu hapa. Huyu ni binti yangu."

Ritha alijifanya anapanga karatasi za fotokopi. Alikuwa amesikia sifa nyingine maishani, za walimu na za wateja, lakini hakuwahi kusikia baba yake akilitamka neno binti mbele ya watu kama mtu anayetaja cheo. Alizipanga karatasi zile upya, ingawa zilikuwa zimeshapangika.

Kabla ya mavuno mengine fedha ya alizeti ilikuwa imerudi kwa mama yake, na ziada. Mzee Lazaro akawa na kiti chake dukani. Madereva vijana walimlipia zamu ili tu awaelekeze, na yeye aliwaelekeza kwa ukali aliokuwa akiwaelekezea utingo wake zamani. Habari zikafika Ikungi, kwa Mwalimu Peniel aliyekuwa na shule ndogo ya udereva. Alikuja mwenyewe, akajaribu, akatoka na ombi: alitaka mashine ya namna hiyo kwa wanafunzi wake, na alitaka Ritha aiunde. Fedha yake haikuwa nyingi, alisema kwa aibu kidogo. Ritha akamwambia hilo lisimtie shaka.

Siku ya kwenda kununua vifaa, Mzee Lazaro aliamka mapema, akavaa shati la kanisani, akatangulia stendi. Hakuwa ameambiwa aende, wala hakuna aliyemkatalia. Walipofika dukani Singida mjini, Stanley alimwamkia mzee shikamoo, akamvutia kiti, na kwa vile ndiye mkubwa akamuuliza yeye wanahitaji nini safari hii.

"Mimi nimemsindikiza," Mzee Lazaro alijibu. "Muulize fundi."

Ritha akaweka mkoba wake juu ya kaunta, akaomba aonyeshwe monita.