Bubuti Mbele ya Wazee

Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mgeni ndiyo kabisa. Tena Marewen mwenyewe ndiye aliyemfundisha mgeni wake Rhonda lile neno, bubuti. Ukitaka kitu cha mtu, alimwambia, usizungukezunguke. Sema bubuti, hutanyimwa. Sisi watu wa Kiribati tunaona kumnyima aliyeomba hivyo ni aibu kuliko kuiba. Basi mwalimu wetu wa kujitolea kutoka Australia akawa halali bila kuomba kitu. Bubuti samaki, bubuti mkeka, bubuti kofia ya mzee wa watu iliyo kichwani! Watu walimpa huku wakicheka, nao wakamwomba vyake vilevile, miwani ya jua, baiskeli, mpaka sidiria, naye akatoa bila kununa. Tulimpenda, wallahi tusiseme uongo.

Asichoambiwa na Marewen ni kwamba kwetu hata mtoto huombwa. Na angemwambia ya nini? Dada huomba mtoto wa dada yake, bibi huomba mjukuu, mtoto akahamia nyumba ya pili na maisha yakaendelea. Mgeni wa mwaka mmoja hayo yanamhusu nini?

Ikafika sikukuu ya uhuru. Maneaba, ule ukumbi wetu mkubwa wa kijiji, ulijaa mpaka kwenye nguzo za pembeni, kila mzee amekaa mahali pa ukoo wake. Wasichana walicheza bila kutabasamu, kama inavyotakiwa, na akina mama wakawamwagia poda na manukato mpaka wa nyuma tukapiga chafya. Marewen alikaa na mumewe Tiroba na mama mkwe wake, Nei Batiua. Mwanawe Ioteba, wa miezi minane, alikuwa amepakatwa na Rhonda, aliyeishi nao nyumba moja na kumzoea yule mtoto kuliko hata shangazi zake.

Wazee wakampa Rhonda kipaza sauti aage, maana ndege yake ilikuwa karibu. Akasimama, mtoto begani.

"Mmenipa kila nilichoomba," alisema kwa lugha yetu, akiitafunatafuna. "Leo nina bubuti ya mwisho. Tiroba, Marewen, nipeni Ioteba niondoke naye!"

Akacheka. Alicheka peke yake.

Marewen alishtuka. Akamgeukia mumewe haraka amwambie, baba Ioteba, anatania huyu, nyamaza. Lakini Tiroba alishasimama. Mwanamume kaombwa kwa bubuti siku ya uhuru, mbele ya wazee wote wa kijiji. Uso ulikuwa umemkauka, ila sauti ilitoka imenyooka.

"Ni wako, Rhonda. Mchukue."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Rhonda naye akapiga, maskini, akidhani mzaha umenoga.

"Mama," Marewen alimshika mkwewe mkono, "mama, mwambie mwanao!"

"Nimwambie nini? Limeshatoka kinywani." Nei Batiua machozi yalikuwa yanamtiririka huku akikunja nepi za mjukuu, moja juu ya nyingine. "Wewe ndiye uliyemfundisha mzungu wako kuomba. Haya, umeona?"

Rhonda aliziona zile nepi. Akamwona bibi analia. Akainama kwa Marewen.

"Kwani kuna nini? Nani kafa?"

"Umeniomba mtoto wangu, Rhonda, nawe umepewa! Ni kweli! Hapa ni kweli!"

Loo! Uso wa yule mwanamke ulibadilika ukawa kama majivu. Na badala ya kunyamaza tukafikiri, akakiweka kipaza sauti mdomoni. "Jamani, nilikuwa natania! Simtaki! Namrudisha!"

Mguno ukazunguka maneaba nzima. Kumtupia mtu zawadi yake usoni, na zawadi yenyewe ni damu yake! Tiroba aliinamisha kichwa kama aliyezabwa kofi. Kaka zake wakaanza kusimama mmoja mmoja.

"Kaeni," akasema mzee msemaji wa maneaba. Kisha akamgeukia Rhonda, taratibu. "Mwanangu, kilichotolewa hapa hakirudishwi. Mtoto ni wako. Ila na wewe ni mtu wa kuombwa, kama sisi. Mtu akikuomba, utampa. Ila aliyetoa haombi alichotoa. Huyo atakuwa hana uso."

Marewen alitazama huku na huku, akitafuta wa kumwombea. Dada zake walikuwa kisiwa kingine. Mawifi zake walitazama mikeka, kila mmoja anamwogopa Tiroba. Akamtazama mkwewe. Nei Batiua akafunga macho, maana na yeye ni upande wa watoaji. Hakuna aliyemwombea. Ioteba akaanza kulia, na maziwa yakamchuruzika Marewen yakalowesha blauzi ya sikukuu, watu wanaona.

Akasimama. Akatembea mpaka katikati ya ukumbi, mahali ambapo mwanamke haendi kama hajaitwa kucheza.

"Marewen!" Tiroba alisema kwa sauti ya chini. "Kaa chini. Nakuomba."

Hakukaa. Alipiga magoti mbele ya Rhonda, akanyoosha mikono yote miwili.

"Bubuti," alisema. "Naomba huyo mtoto."

"Ametuvua nguo!" shemeji yake mmoja alipiga kelele. "Hana haya mwanamke huyu!"

Na sasa sikilizeni, maana hili wengi hawakuliona, ila Marewen aliliona kwa macho yake. Rhonda hakumtoa mara moja. Alimtazama Ioteba, akamsogeza karibu na shingo yake, na mikono yake ikakaza. Mzaha ulikuwa umemwisha usoni. Marewen alishtuka mara ya pili, na mshtuko huu ulipita ule wa kwanza.

"Rhonda," alinong'ona. "Nimekuomba."

Ndipo ile mikono ikalegea.

Marewen alikaa palepale katikati, akampa mwanawe titi. Tiroba alitoka bila kugeuka nyuma. Ngoma ilianza tena, wachezaji wakimkwepa kama kisiki, na hakuna mama aliyekwenda kumwinua.

Tangu siku ile kijiji kizima kinamwita Mwomba Chake. Watoto humwita hivyo, na wakubwa pia, hata kanisani. Naye akiitwa, huitika.