Vidole vya Quinter

Kampuni ilipotangaza kwamba itamlipia karo ya sekondari mtoto aliyeongoza darasa la nane katika shule ya shamba lake, hakuna mtu katika laini yetu ya nyumba za wafanyakazi aliyeuliza ni nani. Ni dada yangu Quinter. Hata nyapara alijua. Bila karo hiyo asingeona kidato cha kwanza, maana mshahara wa mama ulikuwa unaishia kwenye unga na mafuta ya taa.

Siku moja kabla ya sherehe, Kipkirui, afisa wa masilahi ya wafanyakazi, akaja nyumbani na ndimu kwenye mfuko. Hakusalimu.

"Lete mikono," akamwambia Quinter.

Quinter akainyoosha. Kila anayechuna chai ana vidole kama vyake: utomvu wa majani umevifanya vyeusi, na weusi umeingia kwenye nyufa za ngozi. Tangu darasa la tano alikuwa akimsaidia mama Jumamosi na likizo nzima, majani yake yakipimwa kwa namba ya mama. Laini nzima ilifanya hivyo, kwa sababu kilo walizotudai kwa siku hazifikiwi na mtu mmoja. Lakini kwa maneno ya wakubwa, shamba lao halikuwa na mtoto hata mmoja anayechuna.

"Kesho kuna wazungu wanaonunua chai yetu," Kipkirui akasema. "Watampiga picha akipokea. Wakiona vidole namna hii wataanza maswali. Sugua."

"Leo ndiyo umeviona?" nikamuuliza. "Kila Jumamosi unapita hapo na pikipiki, unawapigia honi watoto watoke barabarani na vikapu."

"Kepher, wewe si mwanafunzi. Nyamaza."

"Si mwanafunzi kwa sababu nilikosa karo. Huruma yenu mlikuwa mmeiweka wapi wakati huo?"

"Kepher," mama akasema. Nikanyamaza kwa heshima yake, si ya yule mwingine.

Quinter akasugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa mchanga, mpaka damu ikatoka. Weusi ukabaki. Asubuhi Kipkirui akaleta glavu nyeupe za bendi ya shule, akamvalisha mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayefunga gunia.

Uwanjani, wakubwa walikaa chini ya hema wakinywa soda. Sisi tulikaa kwenye nyasi, juani. Meneja alisema kampuni ni mzazi wa watoto wetu. Akalirudia hilo, huku mama akitazama mbele bila kupepesa macho.

Quinter akaitwa. Mmoja wa wageni, mwanamke mwenye kofia pana, akampa mkono, akashangaa glavu, akauliza. Kipkirui akadakia kumjibu kwa Kiingereza: mtoto ana ugonjwa wa ngozi.

Alidhani amemaliza maneno. Mgeni akarudisha mkono wake nyuma, akanong'ona na meneja, na meneja akashika kipaza sauti. Mtoto atatibiwa kwanza, akasema, asije akawaambukiza wenzake bwenini. Karo ya mwaka huu itamwendea wa pili, Winny, binti wa karani wa kiwanda. Hema likapiga makofi.

Nikasimama. Mama akanivuta shati.

"Kaa chini. Wewe utawatukana tu."

Akaenda yeye. Alipofika mbele ya hema akamvua Quinter glavu, kisha akaweka mikono yake mwenyewe kando ya mikono ya mtoto. Isipokuwa ukubwa, ilikuwa mikono ya mtu mmoja.

"Mwambie mgeni si ugonjwa," akamwambia Kipkirui. "Ni chai. Mimi ndiye nilimpeleka shambani."

Kipkirui akainama kumsogelea. "Mama Kepher, unajua unasema nini? Kazi yako imeisha hapo."

"Najua. Mwambie."

Hakumwambia. Quinter ndiye aliyemwambia, kwa Kiingereza kilekile kilichomfanya aongoze darasa, polepole, bila kulia. Mgeni akamgeukia meneja na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Mpiga picha akaambiwa ashushe kamera. Mgeni hakuketi mpaka meneja alipotamka tena kwenye kipaza sauti, kama anayemeza mchanga, kwamba karo ni ya Quinter.

Jumatatu mama akafukuzwa. Kosa lake: kumchunisha mtoto chai. Nyapara aliyekuwa akiyapima majani ya mtoto huyo hakuulizwa chochote.

Kipkirui alikuja kuchukua kikapu na ufunguo wa nyumba ya kampuni. Akasimama mlangoni akitutazama tukifungasha.

"Angalau ushukuru, mama. Kampuni inakusomeshea mtoto."

"Shukuru wewe uliyebaki na kazi," mama akasema. "Karo hiyo nimeilipa mimi. Haya, shika godoro upande huo, lipite mlangoni."

Kipkirui akanitazama, akatazama barabara, kisha akashika.